Kutoka Mtaa wa Lumumba Hadi Mlimani: Shahada ya Siasa na Majirani Zake wa Kariakoo

Neno siasa lina safari ndefu. Shina lake la Kiarabu lahusu uangalizi wa wanyama, hasa farasi, na ndiyo maana mtunza farasi katika Kiswahili cha zamani aliitwa saisi. Lilipotua katika pwani yetu likavaa upole. Wazee walisema "fanya kwa siasa", yaani fanya kwa utaratibu na uangalifu, pasi na papara. Maana ya tatu, ile ya dola na utawala, ndiyo iliyokuja kuzimeza mbili za mwanzo. Kijana anayejiandikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa huingia katika maana hiyo ya tatu peke yake, tena kwa lugha ya Kiingereza, ambayo si lugha inayotumiwa kufanyia siasa anayokwenda kuichunguza.

Makala haya yahusu shahada hiyo na mtaa ilikochipukia. Wengi hudhani ilizaliwa Mlimani, katika majengo meupe yanayoonekana kutoka mbali. Lahasha. Ilichukuliwa mimba Kariakoo, hatua chache kutoka uwanja wa Mnazi Mmoja, ndani ya jengo la chama cha siasa. Jambo hilo la makazi si dogo, kwa kuwa historia yote ya somo hili nchini ni ugomvi juu ya umbali: mwanafunzi wa siasa akae mbali kiasi gani na chama, na mbali kiasi gani na watu.

Tuanze na watu, maana ndio waliotangulia. Jina Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu: Uzunguni baharini, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, hadi kwenye ukingo wa bonde la Msimbazi, ilipo Jangwani. Uwanja uliotengwa ili watu wasichanganyike ndio uliogeuka kuwa mahali pa kukutania. Katika mitaa hiyo iliundwa African Association mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa katibu wake, na katika miaka ya 1930 wanachama wakajijengea nyumba yao New Street kwa nguvu zao wenyewe. Tawi la Unguja liliundwa mwaka 1934, na humo ndimo ulimotoka mkono mmoja wa Afro-Shirazi Party ya mwaka 1957. Wasomaji wa visiwani wanaodhani habari za Kariakoo ni za jirani tu wakumbuke hilo. Wakumbuke pia kwamba wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na wenzao wa bandari ya Unguja wakagoma mwaka uliofuata.

Hivyo kabla ya mhadhiri yeyote kutia mguu, palikuwa tayari na elimu ya siasa Kariakoo. Ilisomwa barazani, katika vilabu vya mpira, katika vyama vya lelemama na vya kuzikana. Ilikuwa na istilahi zake, na ilijua tofauti kati ya mtu mwenye cheo na mtu mwenye watu. Mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh na shahada yake, akapata kazi ya ualimu Pugu, akawa anaingia mjini kuonana na akina Abdulwahid Sykes. Mwezi wa Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho. Tarehe 7 Julai 1954 chama kikageuzwa kuwa TANU, palepale New Street. Wasifu mwingi wa Nyerere husema kwamba msomi alikuja kuwafundisha siasa watu wa mjini. Kwa maoni yangu ni nusu ya habari. Msomi alileta katiba iliyoandikwa vizuri na ulimi wa Kiingereza wa kuzungumzia na Umoja wa Mataifa. Watu wa mjini, na wanawake kama Bibi Titi Mohamed zaidi ya wote, walimpa mkutano. Bila mkutano, katiba ingebaki karatasi.

Sasa Chuo. Mpango wa awali ulikuwa kwamba Tanganyika ingepata chuo chake karibu na mwaka 1965, baada ya Makerere na Nairobi kushiba. TANU ikakataa kungoja. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha London kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa ambao sasa waitwa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, cha Sheria, kwa sababu Makerere na Nairobi havikufundisha sheria na nchi ilikuwa karibu haina wanasheria Waafrika. Wanafunzi hawakuzidi 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye akawa Waziri wa Sheria.

Mkuu wa kwanza wa chuo hicho cha sheria hakuwa mwanasheria. Alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, mtaalamu wa sayansi ya siasa aliyewahi kufundisha Makerere. Kwa hiyo somo letu lilikaa katika kiti cha mkuu kabla halijapata darasa. Pratt alitaka chuo chenye ubora wa kimataifa na uhuru wa kufikiri, ndani ya nyumba ya chama kilichokuwa kinajiandaa kushika dola. Mtu angeweza kushuka ngazi kutoka katika mhadhara juu ya utawala wa sheria akakutana na katibu wa tawi akigawa kadi. Tukiwa wakweli, hakuna mahali bora zaidi pa kusomea siasa. Wakati huohuo, hakuna mahali pa hatari zaidi, maana mpangaji hawezi kumhoji mwenye nyumba kila siku.

Mwaka huohuo wa 1961, ng'ambo ya mlango wa bandari, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni kwa ajili ya watu wazima wasio na vyeti. Pakawa na njia mbili za elimu ya siasa: moja ya shahada, moja ya makada. Nadhani makosa mengi yaliyofuata yalitokana na kuzichanganya.

Mwaka 1964 Chuo Kikuu kilihamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka mjini. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilianza mwaka huohuo, na sayansi ya siasa ikapata idara. Walimu karibu wote walikuwa wageni. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo chama kimoja kilisimamisha wagombea wawili katika kila jimbo na wananchi wakawaangusha mawaziri kadhaa. Lionel Cliffe na wenzake waliuchunguza, na kitabu chao cha mwaka 1967 kikawa kama alifu ya somo hili nchini. Hilo lilikuwa jambo jema: wanafunzi walipelekwa majimboni wakasikilize watu.

Lakini Mlimani palikuwa na chakula kizuri, vyumba vilivyosafishwa na wahudumu, na upepo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo sheria mpya iliwataka kulitumikia huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara wao. Mabango mengine yalidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi 1967 mkutano wa kujadili nafasi ya Chuo katika Tanzania ya kijamaa.

Watu hulisimulia tukio hilo kama hadithi ya vijana wabinafsi na baba mwenye hekima. Naliona kwa namna nyingine kidogo. Vijana walikuwa wabinafsi, ndiyo. Lakini walikuwa pia kundi la kwanza la wasomi wa nchi huru kuiambia dola usoni kwamba na wakubwa nao wanakula vizuri. Nyerere alilisikia hilo, ndiyo sababu akakata mshahara. Aliwafukuza waliosema, akachukua walichosema.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoipa shahada hii sifa duniani. Mwaka 1967 alifika kijana kutoka Ankole aitwaye Yoweri Museveni kusomea uchumi na siasa. Yeye na wenzake wakaunda chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, kilichojulikana kwa herufi zake, USARF. Walimu wao wa kweli hawakuwa wote Mlimani. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia, lakini darasa lake lilijaa wanafunzi wa kila idara. Mjini, katika Mtaa wa Nkrumah unaopakana na Kariakoo, ilikuwako ofisi ya FRELIMO, na wapigania uhuru wa kusini walionekana mitaani kama jirani wa kawaida. Museveni alikwenda katika maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji mwaka 1968, kisha akaandika insha ya kupima nadharia ya Frantz Fanon juu ya nguvu kwa yale aliyoyaona huko. Hebu fikiri: mwanafunzi wa shahada ya kwanza asoma kitabu, avuka Ruvuma akakikague, arudi aandike. Kwamba mtu huyo alitwaa dola ya Uganda kwa bunduki mwaka 1986 na kukaa kitini kwa miongo ni somo jingine, ambalo Fanon mwenyewe alikuwa amelionya katika kurasa ambazo vijana wale hawakuzisoma kwa shauku ileile.

Mwezi wa Novemba 1969 lilitoka jarida lao, Cheche. Wahariri wake walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 lilitoa toleo zima la insha ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania. Kijana huyo mwanasheria alisema kwamba kutaifisha benki na viwanda si sawa na kuwapa wafanyakazi, na kwamba tabaka jipya lilikuwa likikua ndani ya ofisi za umma. Novemba 1970 Cheche likapigwa marufuku pamoja na USARF. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania ina ujamaa wake na haihitaji itikadi ya kuazima. Jina la jarida liliwakumbusha wakubwa gazeti la Lenin. Kwa hiyo vijana walinyamazishwa kwa kuwa wajamaa kupita kiasi katika nchi ya kijamaa. Mwenye nyumba alikuwa amewafuata wapangaji wake hadi Mlimani.

Baada ya hapo mambo yalikazwa. Somo la maendeleo likawa lazima kwa wanafunzi wote, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaundwa mwaka 1973. Humo alifundisha kwa miaka mingi Haroub Othman, mwana wa visiwani, aliyezungumza juu ya Muungano bila kumwogopa wa bara wala wa Unguja, mpaka alipofariki mwezi wa Juni 2009. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba kijana asitoke shule moja kwa moja hadi Chuo Kikuu. Kwanza afanye kazi, kisha apate pendekezo la kazini na la chama. Shabaha ilikuwa nzuri, kuwachanganya wasomi na watu. Lakini pendekezo la chama lilimaanisha kwamba ili usomee siasa ulihitaji kukubaliwa na wanasiasa. Hata hivyo ugomvi haukufa. Mahmood Mamdani alifundisha katika idara hiyo miaka ya 1970, na mabishano yake na Shivji na Dani Nabudere juu ya tabaka na ubeberu yaliwakesheshea watu usiku. Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga marupurupu mapya ya viongozi. Wakafukuzwa kama 350. Ndio waliokuwa wanafunzi wa enzi ya Musoma, waliochujwa na chama chenyewe.

Mfumo wa vyama vingi ulipokuja mwaka 1992, Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imekuta kwamba asilimia kama 77 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, nayo ikapendekeza vyama vingi. Idara ya siasa ikapata kazi tele: utafiti wa uchaguzi, elimu ya uraia, mradi wa REDET ulioanza mwaka huohuo akiwamo Profesa Samuel Mushi. Wahadhiri wakawa sauti za redioni. Wengine wakavuka na kuingia uwanjani wenyewe. Profesa Mwesiga Baregu alikuwa mtu wa CHADEMA bila kificho hadi alipofariki mwaka 2021. Dakta Bashiru Ally, mhadhiri wa idara hiyohiyo, aliteuliwa Katibu Mkuu wa CCM mwezi wa Mei 2018. Ofisi ndogo ya chama hicho jijini ipo Mtaa wa Lumumba. Miaka 57 ilipita kati ya chuo kufunguliwa katika mtaa ule na mwalimu wa siasa kurudi huko kama mwenye nyumba.

Huo ndio ugomvi wa umbali na chama. Umepata mashujaa wake, majarida yake, na wasimulizi wake, nami nawaheshimu. Ugomvi wa pili, wa umbali na watu, haukupata Cheche lake, na kwangu mimi ndio mzito zaidi. Umbali huo ni wa lugha.

Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa palepale Mlimani, ikafundisha, ikatahini na kutoa shahada kwa Kiswahili. Kwa hiyo hoja kwamba lugha haiwezi ilikwisha kujibiwa kwa vitendo katika jengo la jirani. Tume ya Elimu ya Makweta mwaka 1982 ikapendekeza Kiswahili kianze sekondari mwaka 1985 na kupanda hadi Chuo Kikuu. Serikali haikukubali. Wanamapinduzi wetu wa idara ya siasa, waliokuwa wepesi kuona mkono wa ubeberu katika benki na mashamba ya mkonge, waliandika karibu kila kitu kwa Kiingereza. Cheche lenyewe lilikuwa na jina la Kiswahili na tumbo la Kiingereza. Mpagazi wa bandarini aliyezungumziwa kama injini ya historia hakuweza kusoma alichosemewa.

Mwenye kudhani hili ni jambo la hisia tu na achukue neno takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 kuruhusu mgombea kuwakirimu wapigakura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya sakata hilo kwa Kiingereza hana budi kuchagua mlangoni: ama alitafsiri kwa neno la ukarimu, ama kwa neno la rushwa. Akichagua moja amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuanza utafiti. Lakini nguvu yote ya neno imo katika kutochagua. Mgombea alijua kwamba kukataa sahani ya pilau ni kumvunjia mtu heshima, na mpigakura alijua kwamba sahani ile ina masharti, nao wote wawili walijificha ndani ya neno lenye heshima ya dini na ya baraza. Siasa yenyewe ilifanyika ndani ya neno. Ukilitoa neno, umebaki na sahani.

Au chukua bepari. Lilitoka kwa Wahindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi, wakati ambapo redio ilikuwa ikilitumia neno hilo kama tusi, na kuanzia hapo mwuza duka wa Kariakoo hakujua kama ameitwa kwa kazi yake au ameshtakiwa. Mhadhara mzima juu ya dola na soko ungeweza kufundishwa kutokana na jina hilo moja la kitabu.

Wanafunzi huja Kariakoo kufanya utafiti, hilo lisikanwe. Hushuka daladala au basi la mwendokasi pale bonde la Jangwani, panapofurika kila masika, wakiwa na dodoso. Huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, mara nyingi kwa mafumbo na mizaha. Usiku hutafsiri. Mzaha hauvuki. Tasnifu hukabidhiwa, hupewa alama, huwekwa rafuni. Mwenye kibanda aliyetoa nusu saa yake hatajua kamwe alinukuliwa akisema nini.

Na huyo mwenye kibanda ana mengi ya kusema. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kulalamikia kodi na namna maofisa wanavyoikusanya. Soko kubwa la Afrika Mashariki likawa kimya. Hawakuwa na chama cha siasa nyuma yao wala jarida la nadharia. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akasikiliza mmoja baada ya mwingine akishika kipaza sauti. Walizungumza juu ya stoo, risiti, vikosi kazi na heshima. Baadhi yao, kwa umri wao na kwa hali ya ajira tuijuayo, huenda wana shahada kabatini. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2024, wakafunga tena.

Mtu aliyesimama siku ile pembeni ya uwanja angekuwa na Mtaa wa Lumumba mgongoni mwake. Maneno yaliyosemwa pale kwenye kipaza sauti yangetosha muhula mmoja wa masomo, na yalisemwa kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani. Mlimani, kilomita 13 kutoka hapo, mihadhara ya siasa ilikuwa ya Kiingereza.